Damu ya Mdogo Wake

Ndugu waombolezaji, familia inawasomea maisha ya dada yetu, mpima damu, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1978, nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani, akayafaidi mapaja ya mama peke yake hadi tarehe 2 Juni 1980 alipozaliwa mdogo wake, na hapo ndipo wivu ulipoanza, nao tunautaja hadharani kwa kuwa mwenyewe hakuuficha, na alituagiza tusimvike kilemba cha ukoka.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia 1985 hadi 1991, akiwa mkimbiaji bora mpaka mdogo wake alipoingia kwenye timu na kumwacha kwenye kona ya mwisho, wazazi wakitazama, akarudi nyumbani amenuna, akiapa kwamba ataichunguza damu ya mtoto yule hadi ajue ina nini.

Alihitimu chuo cha maabara tarehe 12 Novemba 2001, na mwaka 2004 akafunga ndoa na fundi umeme, wakajaliwa mtoto mmoja, binti mwenye miguu mirefu ya mama yake mdogo, jambo ambalo marehemu alilichukulia kama uchokozi.

Mwaka 2009 aliajiriwa katika maabara inayowasaka wanariadha wanaoongeza damu ili washinde, ambako damu ya mtu hupimwa mara kwa mara na kulinganishwa na damu yake mwenyewe ya zamani, wala si ya mwenzake, naye akikiri kwamba kazini aliliweza hilo, nyumbani likamshinda.

Tarehe 14 Mei 2011 aliletewa faili lisilo na jina, namba tu, damu ikipungua na chembe zake changa zikiongezeka, kama ya mtu anayetoa damu aihifadhi, aje airudishe mwilini siku ya mashindano, na wenzake wakasema huyu ni mdanganyifu, lakini yeye alizitazama tarehe akatambua mbio za mdogo wake, ambaye hadi ukubwani aliendelea kukimbia mashindano, kwani alizifuatilia zote kwa jicho la husuda, na moyo ukamruka kwa furaha, tusiseme uongo, maana alichokiomba tangu utotoni kilikuwa mezani.

Ila alikumbuka pia kwamba katika mbio hizo mdogo wake alikuwa akiishiwa nguvu mwishoni, naye akishangilia, na kwamba damu haikupanda hata siku moja ya mashindano, basi akamwambia mkuu wake kwamba huyu ni ndugu yake, faili apewe mwingine, lakini kabla mkimbiaji hajashtakiwa apelekwe kwa daktari, na daktari akakuta kidonda cha tumbo kinachovuja damu kimya kimya. Mdogo wake alitibiwa, akarudi uwanjani, akashinda, na marehemu akanuna wiki nzima.

Mwaka jana marehemu alipatwa na saratani ya damu, mdogo wake akamtolea damu, ikaingia mkononi mwa marehemu tone kwa tone, naye akamwambia muuguzi kwamba hatimaye ameipata, na sasa akipimwa atafungiwa maisha. Alifariki tarehe 3 Februari mwaka huu, mdogo wake akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kufagia, na wenzake wa maabara waliomvumilia. Dada, mdogo wako anasema safari hii umemtangulia, naye hana haraka ya kukufikia. Pumzika kwa amani.