Bibi Wawili, Mkono Mmoja

Ninyi vijana mtakaosoma karatasi hii, katibu ameniambia ataibandika pale ukutani mnapokaa kusubiri watoto wenu wafanyiwe mazoezi. Basi someni polepole, na simu ziwekeni mfukoni kwanza. Mimi shule niliishia darasa la nne. Nimeandika mwenyewe kwa kalamu ya mjukuu, kama ninavyoongea, na leo nawasomea wazazi wenzangu wa kikundi hiki. Anayetaka kucheka acheke, lakini mimi sikutoka Digodigo mpaka Karatu kuja kuchekesha watu.

Ndugu zangu, nawaambia jambo ambalo watu wa umri wangu hawalisemi mbele ya watu. Nilimwonea wivu bibi mwenzangu, na wivu wangu ulikaribia kumwachia mtoto ulemavu. Majina sitaji. Mwenye kujijua anajijua.

Mtoto ni wa mwanangu wa kiume. Baba na mama yake wanafanya kazi kwenye kambi ya watalii huko Ngorongoro, nyumbani wanaonekana mara chache, kwa hiyo mtoto nimemlea mimi tangu aache ziwa. Ni wa kike, alikuwa darasa la kwanza. Kwetu tunalima kwa maji ya mfereji, na maji yana zamu. Zamu ikikupita hujamwagilia, mahindi hayakusubiri. Siku hiyo zamu ilikuwa yangu, nipo shambani na jembe, maji ndiyo yamefika. Watoto wanacheza kuruka mfereji. Nikasikia kelele. Kufika, mjukuu yuko chini juu ya mawe, mkono umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Nikaufunga na kanga, nikamkalisha kivulini. Halafu nikarudi kumalizia maji. Ndiyo, nyie mnaonikodolea macho, nilirudi. Nilimaliza zamu yangu, ndipo nikamchukua kwenda zahanati. Yule nesi alinisema mpaka nikakosa pa kutazama. Akamfunga ubao, akatutafutia gari, na kesho yake tukawa Karatu.

Mfupa ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko. Daktari akamwambia mtoto, "Inua kiganja." Kiganja hakikuinuka. Kilikuwa kinaning'inia kama kitambaa kwenye kamba. Wakanyoosha mfupa, wakaushikilia kwa vyuma vyembamba, wakafunga plasta. Kuhusu kiganja wakasema mshipa wa fahamu huenda umepata mshtuko tu, tungoje. Tukangoja. Vyuma vikatolewa, plasta ikatolewa, kiganja bado kinaning'inia. Wakaja madaktari bingwa wa mishipa, wakaufungua mkono mara ya pili. Wakaukuta mshipa haujakatika, ila umebanwa na mfupa uliokuwa unaunga. Wakauachilia taratibu kutoka pale ulipobanwa.

Daktari akatuita, mimi na bibi mzaa mama, akatueleza vizuri. Mshipa utaamka, lakini polepole, kama ukucha unavyoota. Wakati unangojewa, mtoto avae kifaa cha kuinua kiganja, afanye mazoezi kila siku, na mkono autumie hata kama haujui kazi. Viungo vikikakamaa, mshipa utaamka ukute mlango umefungwa. "Kazi yangu kubwa imekwisha," akasema. "Iliyobaki ni yenu nyumbani."

Sasa hiyo nyumbani ilikuwa ya nani? Hapo ndipo palipo na ushuhuda wangu.

Bibi mzaa mama anakaa hapa Karatu, mwendo mfupi kutoka hospitali. Nyumba yake ina vigae sakafuni, jiko la gesi, makochi yana vitambaa alivyofuma mwenyewe. Amepika hoteli za watalii miaka mingi, anajua chapati, anajua keki. Mimi najua makande. Akanipokea, "Karibu mkwe, hapa ni kwako." Nikajibu asante. Moyoni nikasema, kwangu ni Digodigo.

Yule mama aliyashika mazoezi kama alivyoshika jiko lake. Anamwekea mtoto unga kwenye sinia, "Haya, kanda." Anampa vibanio vya nguo, "Bana, achia. Bana, achia." Mtoto akilia anamwambia, "Lia, mama, lia tu, ila vidole visisimame." Mtoto analia, halafu anaanza kucheka, wote wawili wamejaa unga mpaka kwenye nyusi. Mimi nimekaa kwenye kochi kama mtu aliyekuja kwenye msiba wa watu asiowafahamu.

Siku moja nikasema na mimi nimnyooshe vidole. Mtoto akauvuta mkono. "Bibi, wewe hujui. Bibi mkubwa ndiye anajua."

Bibi mkubwa! Jamani, yule mwanamke nimemzidi miaka mingi. Anamshinda nani kwa ukubwa, labda kwa kiuno. Kitu kikanikaa hapa kifuani kama ugali usiopita. Aliyemwogesha alipokuwa mchanga ni mimi. Aliyembeba mgongoni akiwa na surua ni mimi. Leo mtu ana unga na vibanio tu, amekuwa mkubwa.

Nikasema tunarudi nyumbani.

"Mkwe, bado," akaniambia. "Ngoja japo kliniki ijayo."

"Shule imefunguliwa."

"Shule hata huku zipo. Mkono ndio hauna mwingine."

"Mtoto huyu ni wa nani?" nikamwuliza.

"Ni wetu, mkwe."

"Ana ukoo wake, na ukoo wake uko Digodigo."

Mkwe akainuka. Alikunja nguo za mtoto, akafunga vibanio kwenye kitambaa, akaniandikia mazoezi yote kwenye karatasi kwa herufi kubwakubwa. Alijua shule yangu ni ndogo. Hata hilo liliniuma.

Kufika nyumbani nikaanza kazi ya kumrudisha mtoto kwangu. Kifaa kilikuwa kinamwasha, analalamika, nikakivua, nikakitupia kwenye kihenge juu ya mahindi. Karatasi ya mazoezi nikaisokomeza chini ya godoro. Asubuhi namvalisha, namfunga vifungo, namchana nywele. Chakula namlisha kwa mkono wangu, tonge kwa tonge, mtoto wa darasa la kwanza. Akitaka kushika kikombe namwambia, "Acha, utajimwagia." Na tena nilimwambia maneno haya, naona aibu kuyaandika: "Bibi wa Karatu alikuwa anakutesa. Huku hakuna wa kukutesa."

Mtoto akanirudia. Akawa hataki kulala ila kwangu, hataki uji ila wangu. Ndugu zangu, nilishinda! Nilitembea pale kijijini kama mama mwenye harusi.

Tarehe ya kliniki ikafika. Tumeshuka kwenye basi tumejaa vumbi, tumefika hospitali, nani yuko kwenye benchi? Yeye. Ana chupa ya chai na maandazi kwenye kopo. Mtoto alimkimbilia. Mimi nikasema, mkimbilie tu, utarudi.

Tukaingia kwa yule binti wa mazoezi ya viungo. Ni binti mdogo lakini macho yake makali, mnamjua wote. Akamwuliza mtoto habari, akamimina chai kwenye kikombe cha plastiki, akakiweka mezani mbele yake. "Kunywa, mrembo."

Mtoto akaweka mikono mapajani. Akageuza uso kwangu, akafungua mdomo. Akangoja.

Mtoto mzima amefungua mdomo kama kifaranga, chai inatoa mvuke, na mimi, jamani, mkono wangu ulikuwa umeshaanza kwenda kwenye kikombe.

"Nani anamlisha huyu?" binti akauliza.

Ningeweza kusema uongo. Nilimtazama mkwe wangu nikitegemea atafungua mdomo anishtaki. Yeye alikuwa anaangalia dirishani. Pale ndipo nilipovunjika. Angenishtaki ningegombana naye, ningetoka na hasira zangu, nami ningekuwa na haki yangu. Hakunishtaki.

"Namlisha mimi," nikasema. "Na kifaa kiko kwenye kihenge. Na mazoezi hatukufanya hata siku moja."

Binti akaushika ule mkono, akaukunja, akaukunjua. Mtoto akapiga kelele. Vidole vilikuwa vimekuwa vigumu kama vijiti. Halafu akagusa juu ya mkono, karibu na kiwiko, akamwambia mtoto ajaribu kuinua. Akaniita. "Bibi, weka kidole hapa." Nikaweka. Chini ya ngozi kitu kikashtuka kidogo, kikatulia.

"Mshipa umeamka," akasema. "Daktari alifanya yake. Sasa hivi vidole vyaweza kurudi, lakini kazi ni kubwa kuliko ile ya mwanzo, na mtoto atakuchukia. Tukichelewa tena, atapasuliwa mara ya tatu, kano za kwingine zihamishwe kuja kuinua kiganja. Unataka hivyo?"

"Sitaki."

"Basi nenda kajifunze kwa huyu mwenzako."

Tukakaa kwenye benchi nje, mimi na mkwe wangu. Nikamwambia, "Mkwe, nilikuonea wivu." Alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akanipa.

"Usidhani mimi ni malaika," akasema. "Wakati wa sindano na nyuzi, alikuwa ananishika mkono mimi halafu anaita wewe. Kila sindano, 'Bibi wa Digodigo!' Mimi niko pale nimeshikwa, anaitwa mtu mwingine. Na siku mlipoondoka nilisema, waende, wataona. Hicho nacho ni kitu cha kusema, mkwe?"

Tukacheka kama wanawake wasio na akili. Nikabaki kwake wiki tatu. Akanifundisha kama mwanafunzi, na akanikosoa bila huruma. "Usimvute, mkwe, huyo si mbuzi. Weka mkono wako chini, mwache ainue yeye." Nilikanda unga mwingi kuliko niliokanda maisha yangu yote.

Nyumbani yakaanza maumivu. Kifaa kikatoka kwenye kihenge, nikakipangusa. Kikombe nikakiweka mbele yake, nikakunja mikono. Akamwaga. Nikamjazia tena. Akamwaga. Akaniambia, "Bibi, wewe siku hizi ni mbaya." Nikasema, "Ndiyo, kunywa." Makande yalimwanguka, alikula kama kuku anavyokula, huku na huku, na kwa wiki nyingi hakutaka kukaa karibu nami. Wenzangu, kupendwa na mtoto ni kitamu sana. Kuuacha huo utamu kwa makusudi, asubuhi mpaka jioni, ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilivyofanya, na nimefanya mengi.

Siku moja mtoto ameanika mahindi, ungo ameushika kwa mkono mzima. Kuku akaja. Akasema "Kish!" na mkono ule mwingine ukaruka. Kiganja kiliinuka chenyewe, kikasimama, kikashuka. Tulitazamana.

Nikamwambia, "Tena."

Akafanya tena. "Kish!"

"Kuku si ameshakwenda?"

"Namfukuza asirudi, bibi."

Alimfukuza yule kuku asiyekuwepo mpaka mkono ukachoka. Leo anaandika kwa mkono huo. Kidole gumba bado kizito kidogo, na kliniki tunaendelea.

Ninawashukuru madaktari waliofungua mkono mara mbili, na nesi wa zahanati aliyenisema, maana nilistahili. Namshukuru yule binti aliyeniambia nikajifunze kwa mwenzangu bila kunipamba maneno. Namshukuru mkwe wangu, amekaa pale nyuma, msigeuke kumtazama, atavimba kichwa.

Ninalowaachia ni hili. Wivu kwa mtoto mgonjwa hauji na sura ya wivu. Unakuja na kijiko. Unakuja na maneno ya huruma, "Pole, acha nikusaidie." Jiulize unamsaidia apone au unamsaidia akuhitaji. Na msidhani umenitoka. Siku ile ya kuku tulipiga simu Karatu, mtoto akapiga kelele, "Bibi mkubwa, nimeinua!" Nilihisi kile kitu kifuani palepale. Nikamwacha aongee mpaka salio likaisha.

Simu ilipokatika, shangazi yake mmoja akamtania, "Haya sema, sasa wewe ni wa bibi yupi?" Wote wakageuka kumsikiliza, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimesogea mbele kuliko wote. Mtoto akatutazama mmoja mmoja, uso ukaanza kukunjamana. Ndipo nikasimama nikawaambia watu wa nyumba yangu: "Likizo ikifika, mtoto huyu anakwenda Karatu kwa bibi yake. Mzigo wake ataubeba mwenyewe. Na akirudi, mtu yeyote asimwulize swali hilo. Hata mimi nikimwuliza, mnyamazisheni, asinijibu."