Funika na Kisanduku Alichokirudia

Ndugu na majirani, tulishauriwa tuandike kwamba dada yetu alituacha baada ya kuugua kwa muda mfupi. Tumekataa. Marehemu alipigwa hadi kufa, na wengi wa waliompiga tunawajua kwa sura.

Alizaliwa Machi 1971, mtoto wa pili wa baba mwenye bucha na mama mshonaji. Kifungua mimba ni kaka yake, anayewasomea haya. Angali mdogo, surua iliingia nyumbani ikamvamia mdogo wao wa mwisho. Mtoto alivimba macho, akahema kama anayekimbizwa, akafia mapajani mwa mama. Marehemu aliupiga mlango mateke mpaka bawaba zikang'oka, na baba hakumgombeza.

Shuleni alikuwa mpole kwa walimu na moto kwa wenzake. Siku moja alimng'oa jino mvulana aliyekuwa akiwaonea wadogo. Alisimamishwa mbele ya shule nzima aombe radhi. Akaomba vizuri tu, kisha akaongeza, "Lakini akirudia, narudia." Alihitimu uuguzi mwaka 1993.

Kazi yake ilikuwa chanjo za watoto. Chanjo huharibika kwa joto, kwa hiyo alitembea na kisanduku cha baridi begani, na ole wake aliyeacha kifuniko wazi. "Funika!" Jina likamganda. Nyumbani nako ikawa hivyo hivyo: sufuria, pipa la maji, hata midomo ya mawifi zake.

Shemeji yetu seremala alikanyaga msumari, akaja kudungwa sindano ya pepopunda. Kidonda kilipopona aliendelea kuja, akichechemea mguu ambao haukuwahi kuumia. Walifunga ndoa mwaka 1996, wakajaliwa watoto watatu. Kitindamimba, binti yao, ana usonji.

Hapo ndipo maneno yalipopata pa kushika. Mtaani walisema alimdunga mwanawe mwenyewe akamharibu. Naye alieleza bila kuchoka, "Kaka zake walipata chanjo hizo hizo. Huyu alikuwa haitiki jina lake hata kabla ya umri wa chanjo ya surua. Wataalamu wamechunguza watoto wengi, nchi nyingi, hawajaona chanjo ikileta usonji." Kisha sauti ilipanda. "Na mwanangu hajaharibika!"

Mwaka huu surua ilirudi. Marehemu na muuguzi mwenzake waliingia kwenye ua wa fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mtoto wake mkubwa aligundulika karibuni kuwa na usonji. Asubuhi hiyo ujumbe wa sauti ulikuwa umezunguka kwenye simu za watu, ukisema sindano ndiyo iliyomponza. Ua ulikuwa umejaa.

"Umekuja kummaliza na huyu mdogo?" fundi aliuliza, nondo mkononi.

"Baba, nisikilize kwanza."

Nondo ilimvunja mkono. Mawe yakafuata. Mwenzake alimburuta mpaka nje ya geti, na hapo alikuwa amepona. Ila aligeuka akaona kisanduku kimebaki uani, wazi, juani. "Niache, dawa zitaharibika!" Akarudi mbio. Akakifunika. Walimpiga mgongoni na kichwani akiwa amekilalia, mpaka damu ikajaa kwenye mfuniko. Kaka yake anasema wazi: angekiacha. Dawa nyingine zingeletwa, dada mwingine hatuna.

Wodini, fundi akiwa rumande, mke wake alikuja kupiga magoti kando ya kitanda. Mtoto wao mdogo, ambaye hakuwahi kuchanjwa, alikuwa amelazwa jengo la pili kwa surua, akihema kwa shida. Shemeji alimkwida kanga amtoe nje. Marehemu, mdomo umevimba, alimzuia.

"Mtoto amepewa vitamini A?"

"Sijui, mama."

"Hujui? Kaulize. Nenda sasa hivi!"

Mama yule alikimbia, na mtoto akapewa vitamini hiyo, inayowapunguzia wagonjwa wa surua hatari ya kufa. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyoyasikia. Damu iliendelea kuvujia kichwani, na alfajiri ya Jumanne iliyopita alikata roho.

Sasa vijana mliosimama nyuma na mawe mifukoni, na wewe mwenye dumu la petroli, tumewaona. Tunajua mtaelekea wapi tukimaliza hapa. Kaka yake mkono unamwasha kuliko wenu, naye hajamsamehe fundi wala hajui kama atamsamehe. Lakini ndani ya nyumba ya fundi amelala mtoto anayepona, na Funika alimpa pumzi aliyobaki nayo. Atakayeichoma anamuua dada yetu kwa mara ya pili. Mawe yaachwe hapa hapa, kabla udongo haujaanza kurudishwa. Baada ya maziko wauguzi wenzake watachanja chini ya turubai lile, na mke wa fundi ameomba awashikie watoto. Asiguswe.

Marehemu ameacha mama mzazi, mume, kaka, watoto watatu na wajukuu wawili. Kitindamimba hapendi kelele za watu, ndiyo maana amekaa peke yake pembeni ya turubai na kisanduku cha mama yake. Kimeoshwa. Tangu asubuhi kila mtu akikifungua na kukisahau, binti huyo husogea akabana kifuniko, kisha hurudi kukaa.

Dada, pumzika kwa amani, kazi umeifanya. Kimefunikwa.