Aliyejua Tumemzika

Boti ya Kiongoroni ilikuwa imeshaondoka Nyamisati pale bibi aliyekaa mbele yangu alipomuuliza jirani yake, mwanamke kijana aliyempakata mtoto, "Mwanao anaumwa nini?"

"Haumwi, bibi, ila hasemi. Tangu mama yangu afariki, Mtoro hajatamka neno. Nilimpeleka kwake nilipomwachisha ziwa, mie nikahamia dunguni, kibanda cha juu kule shambani, kuwinga ndege wasimalize mpunga. Msimu ukaisha, ukaja mwingine. Akawa anamwita yeye mama. Ndiyo natoka naye Kibiti kwa daktari wa watoto."

"Sote tumelelewa hivyo. Na huyo daktari kakupa dawa gani?"

"Hakunipa dawa. Kasema kila jioni niweke kazi kando, nikae naye nimsemeshe hata asipojibu, wala nisimlazimishe."

Bibi akaguna. "Safari yote hiyo ya Kibiti, ukaambiwe uzungumze na mwanao?"

Abiria wa nyuma akashauri mtoto anyweshwe kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani zilizoandikwa sahanini. Kwenye boti yetu kila mtu ni tabibu.

"Namsemesha, bibi, lakini maneno yananiishia," mwanamke akasema. "Sijui hata anapenda hadithi gani. Aliyejua tumemzika."



Boti ilipotia nanga kijiji cha kwanza, bibi aliinuka ashuke, akashindwa. Mtoro alikuwa ameng'ang'ania pindo la kanga yake.

"Mama," mtoto akaita.

Mama yake akaitika upesi. Mtoto hakugeuka.