Mti wa Mzungu Ukutani kwa Aidarus

Kila siku alasiri ikishasaliwa, wanaume wanne hukaa kwenye bao refu lililoegemea duka la nyuzi na vifungo la Bai Suleman, katika kichochoro cha Mji wa Kale ambamo punda wawili hawapishani. Faraj muuza kahawa huweka dele lake, birika la shaba, katikati, na kuanza kumimina. Dele likiwa limejaa, huzungumza siasa. Likifika nusu, huzungumza watu. Likikaribia kwisha, husema wasiyoyajua kabisa. Lakini mwaka ule wa 1967 hakukuwa na haja ya kungoja dele lifike nusu, maana jambo lenyewe lilikuwa mbele ya macho yao. Ng'ambo ya kichochoro ilisimama nyumba ya Aidarus, nyumba ya mawe na chokaa yenye ghorofa moja, imevikwa majani ya kijani kutoka msingi hadi darini. Na mwenye nyumba alikuwa papo hapo barazani, amekunja miguu, anajifanya hamnazo.

Aidarus, karani wa forodhani, alikuwa na msiba wake. Wiki tatu zilizopita mkewe Sheikha alimwambia anakwenda Bondeni kumwangalia mamake siku mbili. Siku mbili zilipita, ikapita wiki, na ya pili. Aidarus akatuma Bondeni sahani ya halwa, halwa nzuri, iliyojaa hadi ukingoni. Jana sahani imerudi. Imeoshwa, imepanguswa, na ndani hamna kitu. Mtu wa Mombasa hamrudishii mwenziwe sahani tupu, hata kama ni kwa maandazi mawili. Sahani tupu ni barua.

— Tupu kabisa? aliuliza Abdulghafur, ambaye kijiwe kimempa jina la Redio kwa kuwa hana pa kumzimia.

— Tupu, alisema Aidarus.

— Hata tende moja?

— Redio, nimekwambia tupu. Wataka niilete uinuse?

— Basi bwanangu, hapo hapana mama mgonjwa. Mkweo nimemuona jana Biashara Street yuwachagua leso. Alivyokuwa akipigania bei, mie nimemuonea imani mwenye duka.

Aidarus alilijua hilo. Asilolijua ni kosa lake. Usiku kucha alikuwa amejipekua mwenyewe, asione kitu. Hakumpiga mkewe, hakumtukana, wala hakumletea mke mwenza. Tena mume gani mwingine katika kichochoro kile alimpandia mkewe mti wa mapenzi? Mwaka wa uhuru ndio mwaka wa harusi yao, na ndio mwaka alioingia Ngumbao na kijitawi ndani ya mkebe wa maziwa.

Ngumbao, aliyewapikia Wazungu wa Kizingo miaka kumi na minane, alikuwa ameketi mwisho wa bao, na alijua kwamba macho yangemfikia. Akakohoa.

— Mie nilikupa kitu cha heshima, alisema. Bwana wangu siku ya kufunga mizigo alinishika mkono akaniambia, Ngumbao, hii ni aivi, mti utambaao ukutani. Kwetu nyumba isiyo na aivi ni nyumba ya mtu asiyependwa. Mti huu ukishika hauachi. Wafalme wamekufa, vita vimepita, wenyewe umeshika tu.

— Ndivyo nilivyoambiwa, alisema Aidarus. Ukishika hauachi.

— Hata upele hauachi, alisema Bai Suleman kutoka mlangoni mwa duka, na sijaona mtu aliyempelekea mkewe upele.

Kama ilikuwa aivi kweli au mti mwingine uliopewa jina hilo na Mzungu aliyetamani kwao, Mungu ndiye ajuaye. Mwaka wa kwanza uliota majani matano, Aidarus akayahesabu kila asubuhi. Mwaka wa pili ulifika dirishani. Wa tatu hakuna aliyeuhesabu tena. Ulikuwa na vijiguu vidogo vilivyojibandika kwenye chokaa, na ukivuta tawi, chokaa inakuja nalo.

— Ingieni muone dukani mwangu, Bai Suleman aliendelea, na uchungu ulimpanda kadiri alivyosema. Umevuka kichochoro kwa waya wa stima, umeingia kwa tundu la paa. Leo asubuhi binti mmoja ameniomba uzi wa kijani. Nikavuta. Nikavuta. Nasema, ajabu, kidonge hiki cha uzi hakiishi. Kumbe navuta mti wa Aidarus!

— Ulimuuzia? aliuliza Faraj.

— Alikuwa na haraka.

Walicheka wote isipokuwa Aidarus. Faraj akamimina, akagonganisha vikombe, dele likapungua.

— Nyinyi mwacheka, alisema Redio, lakini hamfikiri. Sikizeni. Wazungu wameshusha bendera, wamepanda meli, wamekwenda zao. Mwadhani walikubali hivihivi? Bendera wameshusha, mti wameuacha. Jiulizeni, kwa nini Ngumbao apewe mti? Mbona hakupewa meza?

— Nilipewa na meza, alisema Ngumbao.

— Meza haikui! Leo nyumba ya Aidarus, kesho duka la Bai, kesho kutwa posta, forodha, Ngome. Itafika siku tuamke kisiwa chote ni kijani, na wao watokeze kule baharini waseme, aa, hapa hapana mwenyewe, hapa ni msitu tu. Washuke na masanduku yao.

— Na Sheikha aingia wapi hapo? aliuliza Aidarus.

Redio alinywa kahawa yake polepole. — Hilo bado nalichunguza.

— Uwongo mtupu, alisema Ngumbao. Mti huu hauna siasa, una upweke. Memsahibu alikuwa akiuimbia kila asubuhi, kwa Kiingereza. Nyinyi hapa nani amewahi kuusemesha? Ndipo ukavuka kwa Bai, kutafuta wa kusema naye.

— Kwangu hapana Kiingereza! Bai Suleman alisema kwa ukali, kama mtu aliyetuhumiwa.

— Karatasi za vidonge vyako vya uzi zimeandikwa kwa lugha gani? Umekwenda kusoma.

Aidarus aliinua macho akautazama mti wake. Zamani alipoutazama alijiona mtu, mume wa namna yake, asiye kama wengine. Wapita njia walisimama, na jamaa wa forodhani walikuja Ijumaa wakapiga picha. Leo ulimtia baridi. Alitaka mtu mmoja tu amwambie, bila mzaha, mkeo ameondoka kwa sababu hii, nenda katengeneze. Badala yake alipata kijiwe.

Faraj, ambaye kwa kawaida humimina tu, aliliweka dele chini. Hilo likawafanya wote wamgeukie.

— Bwana Aidarus, nikuulize. Siku aliyoondoka Bi Sheikha, mti ulifanya nini?

— Ulifanya nini vipi? Ni mti.

— Uliyumba?

— Kulikuwa na upepo.

— Aa! Faraj aliwageukia wenziwe. Mwaona? Kulikuwa na upepo, asema. Haya. Bai, huo waya wa stima uliopandwa na mti, ukitoka kwako waelekea wapi?

— Waenda kwa fundi saa.

— Na baada ya fundi saa?

Bai Suleman alifikiri. — Wakata kulia pale msikitini. Halafu... wateremka Bondeni.

Bao zima liliufuata waya kwa macho.

— Huo mti una mtu ndani yake, Faraj alinong'ona. Hana nia mbaya, lakini amempenda yule bibi. Na sasa ameshika njia kumfuata. Pole pole, jani kwa jani. Na wewe, mume wa ndoa, umekaa hapa wanywa kahawa yangu.

Ulikuwa upuuzi. Aidarus alijua ni upuuzi, lakini neno la mwisho lilikuwa kweli. Wiki tatu alikuwa amekaa pale akinywa kahawa. Sahani alimpa mtoto wa jirani apeleke. Yeye mwenyewe hata mlango wa Bondeni hakuubisha, maana aliona haya kuulizwa, umekuja kufuata nini, naye asiwe na jibu.

Wakati huo ndipo magurudumu ya mkokoteni yalipokwama kwenye kona, mtu akatukana kidogo, kisha mkokoteni ukatokeza. Aliyeusukuma alikuwa hamali mrefu, jasho linamtiririka, kamba ameizungusha begani.

— Salaam aleikum, jamaa. Mimi naitwa Jefwa. Nimetumwa kutoka Bondeni na Bi Sheikha.

Aidarus alisimama, kikombe mkononi.

— Karibu, karibu. Hajambo? Amesema nini?

— Hajambo. Amesema nimuulize mumewe swali moja.

— Mimi ndiye. Uliza.

— Dirisha lake ni lipi?

— Dirisha lipi?

— Ndilo ninalouliza mimi. Amesema, dirisha langu ninalokaa. Mume wangu atakuonyesha.

Wote watano waliinua nyuso kuutazama ukuta. Palikuwa na majani. Palikuwa na majani mengine juu ya hayo. Juu huko, mahali fulani, palikuwa na madirisha matatu, au manne. Aidarus alimtazama Redio, ambaye alijua nani amekula nini jana kutoka Kuze hadi Feri.

— Mie? alisema Redio, akajivuta nyuma. Dirisha la mke wa mtu mie nalijuaje?

— Bai, wewe umekaa hapa miaka ishirini, unalikabili.

— Mimi nikitazama, natazama nyuzi zangu. Astaghafirullah.

Ngumbao alikuwa ameanza kuchunguza kucha zake. Faraj alifunua dele akachungulia ndani. Swali lilikuwa na mtego wake: yeyote atakayejua ataulizwa amejuaje. Katika dunia nzima palikuwa na mwanamume mmoja tu aliyekuwa na haki ya kulijibu.

Aidarus aliinua mkono. Kidole kilikwenda kushoto, kikasita, kikarudi katikati.

— Ni... hilo.

Jefwa alifuata kidole kwa makini. — Hilo ni jani, bwana.

Aidarus alijaribu kukumbuka. Asubuhi hutoka mapema kwenda forodhani. Akirudi hula, husali, huja kijiweni. Sheikha alikuwa akishona kanzu za watoto ghorofani, hilo alilijua. Alikaa chumba gani, aligeukia upande gani, hakulijua. Kisha mwezi wa Rajabu aliikuta cherehani imeshushwa chini, karibu na ngazi, akaipita bila kuuliza.

— Basi, alisema Jefwa, akaanza kuikunjua kamba begani. Samahani, bwana. Alisema, nisipoonyeshwa dirisha nichukue cherehani.

Kila aliyekuwapo alielewa maana yake. Mwanamke akiwa amekwenda kumwangalia mamake, cherehani hubaki.

— Ngoja, alisema Aidarus.

— Bwana, nina mzigo mwingine Feri.

— Nimekwambia ngoja! Bai, lete ngazi.

Alifunga kikoi juu ya magoti akapanda, mtu wa miaka arubaini anayeogopa hata ngazi za meli. Chini walimshikia, kila mmoja na amri yake. Alivuta tawi la kwanza. Likaja na kipande cha chokaa kilichotua ndani ya vikombe vya Faraj. Nyuma yake palikuwa na ukuta. Alivuta la pili, mjusi akamrukia kifuani, Ngumbao akapiga kelele zaidi yake. Nyuma yake palikuwa na kidirisha cha ngazi, hata mtoto hawezi kukikalia. Walihamisha ngazi. Vumbi la chokaa lilimjaa ndevuni, vidole vikaanza kutoka damu, na mti alioambiwa hauachi haukuacha.

— Bwana Aidarus, shuka, utavunjika, alisema Redio.

Karibu na kona, mkono wake ukasimama. Hapo majani yalikuwa tofauti. Yalikuwa na ncha zilizonyooka, zimekatwa, na aliyekata hakutumia panga wala mikono. Alitumia mkasi wa kushonea, kutoka ndani. Palikuwa na tundu la upana wa sahani ya kikombe, limepunguzwa tena na tena, vikonyo vya zamani vimekauka na vya karibuni bado vibichi. Wiki tatu bila mkasi, machipukizi mapya yalikuwa karibu kulifunga. Nyuma yake ubao wa dirisha ulikuwa umefunguka upana wa vidole viwili, haungeweza kufunguka zaidi.

Ikamrudia. Sheikha aliwahi kumwambia, chumba kimeingia giza. Naye akamjibu, akicheka, ni kivuli hicho, joto litapungua, wenzako wangetamani. Hakumwambia tena.

Aidarus aliweka uso wake kwenye tundu, akageuza kichwa atazame kutoka pale alipokuwa akitazama Sheikha. Bahari haikuonekana, wala njia, wala mbingu. Lilionekana bao. Ilionekana hasa nafasi moja ya bao, ile ya pili kutoka mlangoni, ambayo yeye hukaa kila alasiri akiwaeleza watu jinsi anavyompenda mkewe.

Aliona haya, haya ya kweli. Chini, Bai Suleman akauliza kama amekwama.

— Ni hili, alisema.

— Nini? Hatusikii!

— Dirisha lake. Ni hili hapa.

Jefwa alikuwa tayari na kamba mkononi. Akaitazama cherehani iliyoonekana kwa ndani kupitia mlango, akatazama juu.

— Kwa hivyo nipakie, nisipakie?

— Usipakie. Nenda kamwambie.

— Nimwambie nini?

Aidarus alitafuta neno. Alikuwa nayo mengi, ya miaka minne, ya mti na wafalme na kushika kusikoacha, na hakuona hata moja la kumpa hamali abebe hadi Bondeni.

— Mwambie nimeliona leo, alisema, akaingiza vidole tunduni, akavuta.