Danute Asiondoke

Benchi letu liko nje ya duka la mikate, hapa mjini kwetu Jutland, kaskazini kidogo ya Ujerumani, mahali ambapo hata upepo hupita ukiwa na haraka zake. Kila Jumamosi asubuhi tunakaa wanaume wanne na thamosi moja ya kahawa. Mimi ni Kaj. Wananiita Kilomita, maana nimeendesha lori umbali wa kwenda mwezini na kurudi, na wakati wa kurudi nilikuwa na mzigo. Yupo Frode Msasa, anayelainisha mbao mpaka nzi akitua anateleza. Yupo mzee Thorkild, mstaafu wa posta, mwenye methali kwa kila jambo na hakuna hata moja inayokaa mahali pake. Na yupo Svenning, bosi wetu mimi na Frode, mwenye karakana ya viti. Jumamosi hiyo Svenning alikuja uso umejikunja kama soksi iliyolowa. Danute, mama wa Kilithuania anayetusukia viti, ameandika barua: mwisho wa mwezi anaondoka, anakwenda Ujerumani. Na manispaa inasubiri viti mia mbili.

Thorkild: Si utafute mwingine?

Svenning: Wa wapi, mzee wangu? Kusuka kiti kwa kamba ya karatasi iliyosokotwa si kufunga kifurushi cha posta. Tumejaribu watu watatu. Kiti cha mwisho, Birthe wa ofisini alikikalia, akatokea chini.

Frode: Tulimtoa kwa msumeno.

Mimi: Nilikuwepo. Misumeno mitatu.

Frode: Mmoja, Kilomita.

Mimi: Mmoja, lakini wenye meno ya mitatu.

Svenning: Chekeni tu. Danute akiondoka, nafunga karakana. Wewe Frode utalainisha nini, mkate? Na wewe Kilomita utabeba upepo?

Hapo kila mtu akajimiminia kahawa yake polepole. Frode akaanza.

Frode: Mwongezee mshahara, bosi. Dawa ya fundi ni hela.

Svenning: Nimeongeza mara mbili. Kasema asante, kaendelea kuulizia maboksi ya kuhamia.

Thorkild: Basi mpe cheo. Mtu mwenye cheo haondoki, anaogopa kitambaa cha meza yake kitachukuliwa. Muite Msimamizi Mkuu wa Makalio ya Manispaa.

Svenning: Mzee, mimi sikulala jana.

Thorkild: Kama hataki cheo, mpe bustani, moja ya zile za kukodi pembeni mwa reli. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Apande viazi. Mwenye viazi ardhini haendi popote mpaka avivune, na akivuna wewe unampa mbegu nyingine.

Frode: Viazi vitamchelewesha miezi mitatu tu. Mpe mbwa. Lile libwa kubwa la kubweka. Huko Ujerumani nani atampangisha chumba na libwa?

Svenning: Anaogopa mbwa.

Frode: Vizuri zaidi. Mpe, atashindwa kutoka nje.

Mimi nikaona vijana wanapotea, nikawaeleza mambo ya wakubwa.

Mimi: Nyie hamjaona kampuni inayojua kushika fundi. Kule bandari ya Esbjerg, nikipeleka vyuma, kulikuwa na dereva wa winchi, mkono wake unaokota yai kwa ndoana bila kulipasua. Akataka kuacha kazi kwa sababu ya umbali. Unajua kampuni ilifanya nini? Ikahamisha winchi. Ikaja kusimikwa uani kwake. Alikuwa anapanda kazini na soksi, mkewe anamtumia uji kwa ndoana.

Frode: Fiksi.

Mimi: Uji ule nimeuonja kwa mdomo huu.

Frode: Na bandari je? Ilihamia uani pia?

Mimi: Ilisogezwa.

Thorkild: Sasa mimi nasema hivi. Mwenda pole hajikwai. Kwa hiyo apunguzwe mwendo. Usiku mmoja mtu apite, atoe upepo kwenye baiskeli yake. Kesho atoe tena.

Svenning: Nimkomoe ili abaki?

Thorkild: Methali imesema, sio mimi.

Frode: Bosi, hebu kwanza. Ulimuuliza anaondoka kwa nini?

Svenning: Nimuulize? Mambo yake mtu mzima? Mimi nililelewa kwa adabu. Nilimuuliza kama dirisha lake linapitisha baridi.

Frode: Akasemaje?

Svenning: Halipitishi.

Thorkild: Basi tumepata pa kuanzia. Sio dirisha.

Mlango wa duka ukafunguka, akatoka Ebba, mwokaji mpya, aliyelinunua lile duka wiki tatu tu zilizopita. Unga mpaka kwenye nyusi, mkononi kalamu na kipande cha boksi.

Ebba: Samahani, wazee wangu. Ile mikate ya asubuhi ya Ijumaa, ya karakana. Wanasema mnaleta kwa zamu. Nipeni majina niyabandike ukutani, nisichanganye.

Kila Ijumaa mmoja wetu pale karakana huwanunulia wenzake mikate, na mimi ndiye mtunza orodha. Nikamtajia bila kuangalia popote, maana kichwa changu ni daftari.

Mimi: Ijumaa hii Frode. Inayofuata mimi, na mimi naongeza jibini. Kisha Birthe. Kisha bosi mwenyewe. Kisha tunarudi kwa Frode.

Ebba akaandika. Akahesabu kwa ncha ya kalamu.

Ebba: Na huyu Danute mnayemlilia mlangoni kwangu asubuhi nzima? Zamu yake lini?

Frode akamtazama Svenning. Svenning akanitazama mimi.

Svenning: Yeye tulimpumzisha. Ni mgeni. Hatukutaka kumsumbua.

Ebba: Amefika juzi?

Svenning: Huu mwaka wa saba.

Ebba: Na Ijumaa mkila, yeye anakuwa wapi?

Frode: Anakula na sisi, dada. Mkate wake tunampakia siagi kabisa. Halafu anaosha vikombe.

Ebba: Nani alimpangia avioshe?

Frode: Hakuna. Anaosha tu.

Ebba akaacha mstari mmoja mtupu chini ya majina yetu, akarudi kwenye tanuri lake. Thorkild akafungua mdomo, tukasubiri methali, ikagoma kutoka. Frode akaitikisa thamosi, haikutoa hata sauti.

Svenning: Kilomita. Nani atakwenda kumwambia Danute kuwa naye ana zamu?

Na mimi, niliyewahi kuwaamuru askari wa mpakani wasukume lori langu nao wakasukuma, niliinama nikaanza kufunga kamba za viatu, na siku hiyo nilikuwa nimevaa buti za mpira.