Bi Mbeyu na Sarafu ya Siku Kumi na Tisa

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, Bi Mbeyu Ngowa, karani mkuu wa bohari yetu ya dawa hapa Changamwe, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Aliingia akiwa mbeba katoni, mwembamba hata mlinzi wa lango akamrudisha nyumbani siku ya kwanza akidhani ni mwanafunzi aliyepotea njia. Anaondoka akiwa ametufundisha kazi karibu sote tuliomo humu.

Kazi yake ilikuwa tarehe. Kila katoni iliyoingia aliigeuza, akasoma imetengenezwa lini na itaharibika lini, kisha ile ya zamani akaiweka mbele itoke kwanza. Mazoea hayo hakuyaacha langoni. Kwenye arusi ya Salha wa mapokezi aliinua chupa ya soda, akaisoma, akairudisha taratibu, na meza nzima ikaacha kunywa. Wageni walipotujia kutoka makao makuu, alimwondolea mkurugenzi maziwa ya chai mbele yao, kwa adabu zote, maana yalikuwa yamepitwa na siku mbili. Chini ya mkono wake haikutoka humu hata dawa moja iliyokwisha muda.

Kamati ya kumuaga iliniambia niishie kwenye visa kama hivyo, vya kuchekesha, visivyomuumiza mtu. Nimejaribu, nimeshindwa. Mimi ni Jafar Kiponda, msimamizi wa bohari, na wallahi nikimsifu Bi Mbeyu bila kusema nilivyomtenda nitakuwa mnafiki.

Tuna kibubu chetu cha kuagana. Kila mwezi kila mfanyakazi hutia chochote, na anayestaafu hutaja kitu kimoja anachokitaka, akanunuliwa. Mzee Gona alipata cherehani, Dhahabu akapata friji. Bi Mbeyu aliwachangia wote hao. Yeye alitaja tangi kubwa la maji, kwa sababu kwao Mtopanga mfereji hutoa maji mara moja kwa wiki, na magoti yake hayawezi tena mitungi.

Mwezi wa Februari nililetea mkutano habari za sarafu mpya ya mtandaoni. Nilisema tukikitia kibubu chote humo, kitazaa, na Bi Mbeyu atapata tangi na pampu juu yake. Akauliza swali moja: hiyo sarafu ina umri gani? Nikatazama simu, nikamjibu siku kumi na tisa. Watu wakafurahi. Sisi ni watu wa dawa. Kwetu kipya ndicho salama na cha zamani ndicho cha kuogopwa. Nikawaambia hii ni sawa na katoni iliyotoka kiwandani leo, na nikajiona nimesema neno la maana.

Bi Mbeyu alisimama, akasema dawa hujaribiwa miaka mingi kabla haijatufikia, na tarehe yake huanza kuhesabiwa baada ya hapo. Sarafu hii haijajaribiwa na mtu, kwa hiyo wa kujaribiwa ni sisi. Akasema hata sarafu kongwe huanguka, umri si kinga, lakini iliyopita miaka mibaya angalau watu wameiona ikianguka na ikiinuka. Ya siku kumi na tisa hakuna anayeijua, wala anayejua kama ukitaka kuuza yupo wa kununua. Aliongea polepole, kama anavyowafundisha wageni kupanga rafu.

Nikamwambia mambo ya kompyuta awaachie vijana. Nilikuwa na miaka hamsini na tisa. Watu wakacheka, naye akaketi akanywa chai yake. Kura ilipopigwa, ni yeye peke yake ambaye hakunyosha mkono.

Siku kumi na moja baadaye sarafu ile haikuuzika. Walioianzisha walikuwa wameuza zao, kundi lao la simu likafungwa, na kibubu kikaisha. Katika kumbukumbu za mkutano niliandika kwamba tulipata changamoto za soko. Haikuwa soko, ilikuwa mimi. Wiki nzima nilipitia mlango wa nyuma nisikutane naye, mpaka akamtuma mwenzetu Vivian kuniuliza kama ninaumwa. Tangu siku hiyo hajanikumbusha onyo lake hata mara moja, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Tumeanza kuchanga upya, ila kilichopatikana kinatosha keki na leso. Nilitaka kukopa nimnunulie tangi mwenyewe, akanikataza, akasema mtu aliyebakiza miezi saba kazini hakopi.

Leo asubuhi, kabla ya kukabidhi funguo, alitia mchango wake wa Agosti kibubuni. Nikamwambia si lazima, yeye hana tena cha kungoja humo. Akanijibu kwamba mwezi ameufanyia kazi, na kwamba anayefuata kustaafu ni mimi, nifikirie mapema nitataka kitu gani. Nilishindwa kumtazama usoni.

Bi Mbeyu, ahsante kwa yote. Mola akupe siha na uzee wa raha pamoja na wajukuu zako. Nimekukosea mbele ya watu, na mbele ya watu hao hao nakuomba unisamehe.