Kikombe cha Maji ya Kigombe

Ndugu waombolezaji, mimi ni Elia Mhina, shemeji wa marehemu, na kabla hatujatawanyika nitawaeleza pia kwa nini tumemzika hapa.

Mwalimu Kristina Hatibu alizaliwa Kigombe tarehe 3 Machi 1941, akasoma shule ya misheni Muheza, kisha udaktari wa mifugo, akaajiriwa chuoni Tanga mwaka 1968, akafunga ndoa na kaka yangu, marehemu Danieli, tarehe 13 Juni 1970, wakajaliwa mtoto mmoja, Ruthi, ambaye ni muuguzi.

Mwaka 1984, maduka yakiwa matupu na mvua imekimbia, aliwakuta mbuzi wa Kigombe wamekizunguka kisima cha mama yake, wanayatazama maji yaliyoingiwa na chumvi ya bahari, hawanywi, na mwaka huohuo mimba zikaharibika, za mbuzi kwanza, za wanawake baadaye. Akaomba wanafunzi wa tiba na wa mifugo wafundishwe pamoja jinsi hali ya hewa inavyobadilika na kuuguza viumbe; idara ya kwanza ikajibu kwamba mvua si ugonjwa, ya pili kwamba mjamzito si mbuzi, ya tatu kwamba yenyewe haina wodi. Ruhusa ilitoka mwaka 1993, wiki moja baada ya mfadhili kusema yaleyale kwa Kiingereza.

Somo lake la kwanza lilikuwa kikombe cha maji ya kisima kile, kila mwanafunzi aonje, ateme, aseme nani ataanza kuugua. Kijana mmoja aliuliza, "Mwalimu, mchuzi tumeuona, samaki yuko wapi?" darasa likaangua kicheko; miaka mitatu baadaye, chumvi ilipofika visima vya kwao, hakuna aliyecheka.

Mvua za juzi zilipokataa kukatika, malaria ilimwangusha, akawaambia madaktari, wengi wao wanafunzi wake, kwamba ugonjwa huu ameufundisha mwenyewe, wasije wakaufeli, naye akafariki tarehe 9 Mei 1998.

Aliusia alazwe Kigombe, ubavuni mwa mama yake. Jana vijana walichimba, jua likiwaka, maji yakapanda kutoka chini bila sauti, wakahamia upande wa pili, yakapanda, na mbuzi wakaja, wakalizunguka shimo, wakayatazama, asilie hata mmoja. Hakuna aliyethubutu kuuliza bibi yake Ruthi, aliyezikwa pale kando, amelala katika hali gani. Wazee wakasema wosia ni wosia, Ruthi akainama, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema, akasema, "Wazee wangu, mama hakutufundisha kuonja ili tumeze."

Ndiyo sababu amelala huku juu Muheza, mbali na mama yake. Tunawashukuru madaktari, majirani wa Chumbageni na walimu wenzake, bila kuzisahau idara zote tatu, ambazo leo zimeleta shada moja.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, mahali pakavu.